Kitanda cha Msafiri Katikati ya Bunia

Wazee wetu walituachia neno: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa desturi zetu mgeni si mzigo. Ni baraka iingiayo mlangoni, na yule ampokeaye vema hupata faida kuliko mgeni mwenyewe. Walakini siku hizi watu wengi wa Ituri waendao Bunia hawafikii tena kwa mwenyeji. Hulala hotelini, katika chumba cha kulipia, kwa mtu wasiyemjua naye hawajui. Je, neno la wazee lingali na nguvu mahali ambapo kitanda kina bei?

Sisi twasadiki kwamba lingali na nguvu, tena kubwa. Kwa hiyo twapenda kuzungumza na jamaa za wasomaji wetu juu ya jambo ambalo wengine watalidharau, yaani nyumba ndogo za wageni zilizo katikati ya mji wa Bunia. Hatusemi habari za hoteli kubwa zenye bustani na walinzi, wanamolala wakubwa wa Serikali na watu wa mashirika ya kigeni. Twasema habari za nyumba za kawaida, zenye vyumba vinane, kumi au kumi na viwili, ambazo vibao vyake vimefifia rangi kwa jua na mvua. Humo hulala mwalimu aliyekuja kufuatia mshahara wake, mchuuzi wa samaki, mama aliyemleta mtoto hospitalini, na kijana atafutaye nafasi ya masomo. Watu hao ndio sisi wenyewe, ndugu zetu na watoto wetu. Yafaa tujue namna ya kulala humo vizuri, na namna ya kuwapokea watu humo kwa haki.

NJIA ZOTE ZAFIKA BUNIA

Mji wa Bunia umejengwa juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Upande wa mashariki nchi yateremka kwa ghafula mpaka Ziwa Albert, ambako wavuvi wa Kasenyi na Tchomia hutoa samaki wapandishwao mjini kwa motokari na pikipiki. Upande wa kaskazini iko nchi ya dhahabu ya Kilo, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1905, na mbele yake Mahagi na Aru, mpakani pa Uganda. Upande wa kusini-magharibi njia yafika Komanda, na hapo yagawanyika: moja yaingia katika msitu mkubwa kwenda Mambasa na Kisangani, nyingine yashuka kwenda Beni.

Kwa sababu ya njia hizo Bunia umekuwa mji wa mashauri. Katika miaka ya 1962 hadi 1966 ulikuwa makao makuu ya jimbo la Kibali-Ituri, na tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Ituri, lenye teritwari tano, ndizo Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa. Kwa sisi Wakatoliki mji huu una heshima nyingine. Mwaka 1922 Roma iliweka Prefektura ya Kitume ya Ziwa Albert. Mwaka 1933 ikawa Vikariati, na mwaka 1959 ikawa Diosezi ya Bunia.

Basi mtu wa Mahagi aliye na hati ya kutiwa sahihi katika ofisi ya jimbo hana budi kuja. Mgonjwa ambaye zahanati ya kijijini imeshindwa kumponya huandikiwa barua kwenda hospitali kuu. Vijana huja kwa masomo ya juu, wachuuzi huja kununua bidhaa zitokazo Uganda, jamaa huja kwa sherehe ya kijana wao anayepewa upadri. Na wote, saa kumi na mbili jioni, huulizana swali moja: tutalala wapi?

ZAMANI MGENI ALILALA WAPI?

Kijijini swali hilo halikuulizwa. Msafiri aliketi chini ya mti karibu na nyumba ya mkubwa wa kijiji, akapewa maji, akaeleza atokako na aendako. Jioni alioneshwa kibanda, akaletewa chakula. Asubuhi aliaga akaenda zake, wala hakuna aliyemwomba fedha. Lakini tusisahau kwamba ukarimu huo ulikuwa na sheria zake. Mgeni alijitambulisha, hakukawia pasipo sababu, na akikaa siku nyingi alishika jembe pamoja na wenyeji. Ndiyo sababu wazee walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji mambo yaligeuka. Kando ya njia kubwa Serikali ilijenga nyumba za kupumzikia kwa ajili ya maofisa wake, na mijini zikajengwa hoteli za Wazungu. Mwafrika aliingia humo kufagia, kufua na kupika, lakini kitanda hakikuwa chake hata kama alikuwa na fedha mkononi. Mtaa wa Wazungu ulikuwa mbali na mtaa wa Waafrika, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea kule bila kibali. Tukumbuke jambo hili tunapoona leo mwalimu wa Djugu akipewa ufunguo wa chumba katikati ya mji, naye akiandika jina lake kitabuni kama mtu mwingine yeyote. Wazee wetu wengi hawakuliona.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 watu wengi waliendelea kufikia kwa ndugu zao mjini. Desturi hiyo ni njema, wala hatutaki ife. Lakini tuseme kweli: nyumba ya ndugu huko Mudzipela au Nyakasanza ina vyumba viwili, na watoto saba. Akija mjomba na watu wake watatu bila kuleta habari, watoto hulazwa juu ya mkeka jikoni, na mama wa nyumba huenda kukopa unga kwa jirani. Atatabasamu, kwa kuwa amelelewa vizuri. Lakini je, yule mjomba aliye na fedha mfukoni, tena akaazimu kukaa juma zima, amependa ndugu yake au amemlemea? Twaona kwamba mtu mwenye uwezo akilala katika nyumba ya wageni, halafu akaenda kumsalimu ndugu yake mchana na kifurushi cha sukari mkononi, hakuvunja ujamaa. Ameutunza.

NYUMBA YENYEWE

Sisi tumelala mara nyingi katika nyumba za namna hiyo, mwendo mfupi tu kutoka Boulevard de la Libération, njia kuu ya mji. Nazo hii ndiyo sura yake.

Lango ni la mabati. Ndani kuna ua mdogo uliofagiwa, na kando ya mlango kimewekwa chombo cha maji chenye bomba, pamoja na sabuni. Desturi ya kunawa mikono mlangoni ilipata nguvu wakati wa ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Mahali fulani vyombo hivyo vimekauka na kujaa vumbi. Mahali vinapojazwa maji kila asubuhi, jua kwamba mwenye nyumba ni mtu wa kukumbuka.

Barazani kuna meza, na juu yake kitabu kikubwa chenye mistari. Mara nyingi aketiye hapo ni mama wa makamo au kijana wa jamaa yake. Ataomba karte yako ya uchaguzi, maana kwetu Kongo ndiyo hutumika kama kitambulisho, naye ataandika jina, utokako, uendako na idadi ya siku. Usikasirike ukiulizwa hayo. Serikali yadai, na usiku wa taabu kitabu hicho chaweza kukusaidia wewe mwenyewe.

Chumba ni kidogo. Kuna kitanda chenye godoro, shuka mbili na blanketi, kwa kuwa usiku wa Bunia una baridi. Kuna chandarua, meza ndogo, kiti, na misumari ukutani ya kutundikia nguo. Bafu mara nyingi ni la wote, na maji hukaa katika bidoni. Ukitaka ya moto, sema mapema ili yatiwe motoni. Taa ya umeme yaweza kuwaka au isiwake. Tangu siku za Wabelgiji mji umetegemea nguvu za maji ya mto Shari, huko Budana, lakini kituo hicho hakitoshi mji uliokua kiasi hiki. Kwa hiyo nyumba nyingi huwasha mashine yao jioni kwa saa chache, kisha huizima. Msafiri mwenye akili huja na tochi.

Chakula, kama kipo, ni kile cha nyumbani: bukari, sombe, maharagwe, na samaki wa ziwani aliyekaangwa au kuchemshwa. Asubuhi ni chai na mkate. Hakuna orodha ya vyakula iliyoandikwa. Mpishi hukuambia kilichoko, nawe wachagua kati ya viwili.

Mtu atauliza: basi uzuri wake ni nini? Uzuri wake ni tatu. Kwanza, mahali. Aliye katikati ya mji huenda kwa miguu sokoni, ofisini, dukani na kwenye Misa ya asubuhi, wala hatoi nauli ya pikipiki mara nne kwa siku. Wengi hukimbilia nyumba iliyo pembezoni kwa sababu bei yake ni ndogo, na jioni wakihesabu nauli huona kwamba wamelipa zaidi. Pili, usalama. Njia kuu ina watu na taa, na mgeni hahitaji kutembea gizani katika mtaa asioujua. Tatu, watu wenyewe. Katika hoteli kubwa kila mtu hufunga mlango wake. Katika nyumba ndogo wageni huketi barazani jioni, wakaulizana hali ya njia, bei ya kahawa na habari za nyumbani. Mara ngapi tumesikia hapo habari za daraja lililobomoka, siku nzima kabla hatujazisikia redioni!

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Walakini nyumba ndogo si zote njema, na msafiri mgeni hudanganywa kwa urahisi. Twatoa mashauri machache.

Kwanza, uliza bei na aina ya fedha. Bunia watu hutumia faranga za Kongo na dola za Marekani pamoja. Ukiambiwa bei kwa dola nawe una faranga, uliza dola moja yahesabiwa faranga ngapi katika nyumba ile, kabla ya kulala na si asubuhi. Ugomvi mwingi wa barazani hutoka hapo. Tena chunguza noti zako za dola, maana yenye kipande kilichochanika hukataliwa hata kama ni halali.

Pili, tazama chumba kabla ya kutoa fedha. Funga mlango kwa ufunguo, uufungue. Inua shuka. Tazama chandarua kama kina matundu. Watu wengi hudhani kwamba baridi ya uwandani hufukuza mbu, lakini malaria yapo Bunia, nayo huua watoto wetu. Uliza choo kiko wapi na maji yapo au hayapo. Mwenye nyumba mwaminifu hachukizwi na maswali hayo.

Tatu, sikiliza. Nyumba iliyo ukuta kwa ukuta na baa yaweza kuwa tulivu saa tisa mchana, na usiku muziki ukapigwa mpaka kuta zitikisike. Mgonjwa hataponya uchovu wake humo, na mwanafunzi atakwenda kwenye mtihani bila kulala.

Nne, uliza saa ya kufungwa kwa lango, na ambayo baada yake si vema kuwa njiani. Mwezi wa Mei 2021 Serikali iliweka jimbo letu chini ya utawala wa kijeshi kwa ajili ya vita vya makundi yenye silaha. Mgeni asiyejua desturi za usiku hujitia katika mashaka bure.

Tano, omba karatasi ya malipo, nawe uitunze. Fedha nyingi na hati za maana usiziache chini ya godoro. Ndipo mwizi atafutapo kwanza.

Sita, na hili twalisema kwa mkazo: usiingize jiko la makaa chumbani, hata kama baridi ni kali, hata kama mtoto analia njaa. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Chumba kikiwa kimefungwa, watu hulala wasiamke. Kama wataka kupika au kupasha uji wa mtoto, omba ruhusa jikoni.

Tena mgeni naye ana wajibu. Aliyelipia kitanda kimoja asiingize ndugu wanne usiku kwa siri. Asitumie maji ya watu wote kufulia nguo za safari nzima. Asipige kelele katika simu usiku wa manane, maana ukuta ni mwembamba na jirani yake amesafiri siku mbili juu ya lori. Na asubuhi aache chumba katika hali ambayo yeye mwenyewe angependa kukikuta.

Kwa wasichana na kina mama wasafirio peke yao, mara nyingi ni heri kuuliza kwanza kwa Masista au kwa Prokura ya misioni. Padri Paroko wako aweza kukuandikia barua. Huko vitanda ni vichache, kwa hiyo tuma habari mapema.

MLANGO USIOULIZA KABILA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ni zito kuliko godoro na chandarua.

Wasomaji wetu walio watu wazima hawahitaji kukumbushwa mwezi wa Mei wa mwaka 2003. Vita vilivyoanza mwaka 1999 huko Djugu, kati ya watu wa makabila jirani walioana na kuuziana maziwa na mihogo kwa vizazi vingi, vilikuwa vimefika katikati ya Bunia. Majeshi ya Uganda yalipoondoka mjini, makundi yenye silaha yaligombania mji mtaa kwa mtaa. Maelfu ya watu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege, wakalala chini ya maturubai, juu ya matope. Mwezi wa Juni askari wa nchi za Ulaya, wakiongozwa na Wafaransa, waliingia, wakakaa mpaka mwanzo wa Septemba, ndipo askari wengine wa Umoja wa Mataifa wakashika nafasi yao. Siku zile swali la mlangoni halikuwa: utakaa siku ngapi? Lilikuwa: wewe ni kabila gani? Na jibu liliweza kumwua mtu.

Wala taabu haikuishia hapo. Tangu mwisho wa mwaka 2017 moto uliwaka tena Djugu, na watu wengi walikimbilia Bunia na watoto mgongoni. Wengi walilala kwanza katika uwanja karibu na hospitali kuu. Baadaye kambi ilifunguliwa Kigonze. Kwa watu hao usiku mmoja kitandani, chini ya bati, mlango umefungwa, ni kitu cha kuota.

Kwa hiyo twaomba kila mmoja akiangalie vizuri kile kitabu kikubwa cha mezani. Soma majina ya ukurasa mmoja. Utaona Mhema, na chini yake Mlendu. Utaona Mualuri, Mulugbara, Mbira, Mungiti, Mnande, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na mstari wake, kila mmoja na namba ya chumba chake. Wamelala ukuta kwa ukuta. Wamenawa kwa maji yale yale, wamekula samaki wa sufuria moja. Hakuna mkutano ulioitwa, wala hotuba iliyotolewa. Mama wa barazani ameuliza jina, amepokea fedha, ametoa ufunguo. Karte yaweza kumwambia mtu yule atoka wapi, lakini yeye ameitumia kwa kuandika, si kwa kuchagua wa kupokea na wa kufukuza. Twathubutu kusema kwamba mama huyo amefanya kazi ya amani usiku ule.

Na tusidhani kwamba kazi hiyo ni rahisi. Mwenye nyumba naye ana jamaa, naye ana maiti aliowalilia. Huenda jina analoliandika lafanana na jina la waliochoma kijiji chake. Kumpa mtu huyo ufunguo, tena kwa bei ile ile aliyompa ndugu yake wa kabila moja, ni tendo la Kikristo ambalo halionekani na mtu ila Mungu.

Miji mingine nayo ilianguka ikainuka. Huko Argentina, nchi ya Amerika ya Kusini, chini ya milima ya Andes, uko mji wa Mendoza, unaosifiwa duniani kote kwa mizabibu yake na divai yake. Tarehe 20 Machi 1861 tetemeko la nchi liliubomoa karibu wote, na maelfu ya watu wakafa. Waliosalia walipojenga upya walifanya njia pana, wakaacha kiwanja kikubwa katikati na viwanja vinne vidogo kukizunguka, ili siku ya tetemeko jingine kila mtu apate mahali pa kukimbilia. Leo wasafiri wa mataifa mengi hulala huko katika hoteli ndogo zilizo karibu na kiwanja kile cha katikati, wakaenda kila mahali kwa miguu chini ya vivuli vya miti. Waliojenga walikuwa wameona hatari, wakapanga mji wao kwa kuikumbuka. Tetemeko la Bunia halikutoka chini ya ardhi. Lilitoka mioyoni mwa watu. Basi sisi nasi tunapojenga upya, tuache mahali wazi katikati, mahali ambapo mtu yeyote aweza kukimbilia bila kuulizwa yeye ni nani. Nyumba ya wageni iliyo njema ni mahali pa namna hiyo.

KAZI YA MWENYE NYUMBA

Katika Injili ya Luka twasoma habari za Msamaria mwema. Kila Mkristo amkumbuka yeye, na yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, na wale wawili waliopita kando. Lakini yuko mtu mwingine ambaye mahubiri humsahau: mwenye nyumba ya wageni. Alipewa dinari mbili, yaani mshahara wa siku mbili, na ahadi kwamba gharama itakayozidi italipwa baadaye. Alimpokea mgonjwa ambaye hakumjua, kwa neno la Msamaria, mtu wa taifa lililodharauliwa na Wayahudi. Alifanya biashara, ndiyo, lakini aliifanya kwa imani na huruma. Injili haikumlaumu kwa kupokea malipo.

Kwa hiyo twawaambia wasomaji wetu walio na nyumba za wageni, au wanaotaka kujenga: kazi yenu ni halali na yenye heshima. Lakini ina vishawishi vyake.

Kishawishi cha kwanza ni bei ya siku ya taabu. Mvua ikikata njia ya Komanda na malori yakakwama, au watu wakikimbia vita, wako wapandishao bei mara mbili saa ile ile. Fedha hiyo ni jasho la mtu aliyekwama. Bei iandikwe ukutani, nayo ibaki ile ile kwa tajiri na maskini, kwa Mzungu na Mwafrika, kwa mtu wa kwenu na mtu wa mbali.

Kishawishi cha pili ni chumba cha saa moja. Wote twajua maana yake. Huleta fedha upesi kuliko msafiri alalaye usiku mzima, lakini huvunja ndoa, huharibu wasichana wetu, huleta magonjwa, na mwishowe msafiri mwenye jamaa hapiti tena pale. Nyumba ikijulikana kwa jina hilo, hata shuka zikiwa nyeupe haziwi safi. Na akija mwanamume na msichana mdogo, mwenye nyumba asijifanye kipofu. Aulize, akatae, na ikibidi aite wenye mamlaka.

Kishawishi cha tatu ni kuwasahau wafanya kazi. Yule msichana afuaye shuka kumi kila asubuhi kwa maji baridi, na yule mzee akaaye langoni usiku kucha, ndio wanaofanya nyumba iitwe njema. Walipwe siku iliyoahidiwa, walipwe kamili, na Jumapili wapewe nafasi ya kwenda Misa kwa zamu.

Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia wamonaki Kanuni katika karne ya 6, alitoa sura nzima, ya 53, juu ya kupokea wageni. Alitaka kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na maskini na mahujaji watunzwe zaidi ya wengine, maana tajiri hupata heshima bila kuagizwa. Na juu ya milima ya Alpi, katika njia yenye theluji inayopita zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, Mtakatifu Bernardo aliweka katika karne ya 11 nyumba ya kuwapokea wasafiri, nayo ingali yapokea wageni mpaka leo. Hao walikuwa watawa, wala hatusemi kwamba mwenye hoteli wa Bunia atoe vitanda bure. Lakini heshima ile hainunuliwi kwa fedha: kumtazama mtu usoni, kumsalimu kwa jina, kumpa maji anapofika na vumbi la njia.

Wazazi, wafundisheni watoto wenu hayo kabla hawajasafiri peke yao. Mtoto ajue kujitambulisha, kusema ukweli, kulipa deni, kushukuru. Ajue kuchagua nyumba ya kulala kama anavyochagua rafiki, kwa uaminifu wake na si kwa rangi ya kibao. Na ninyi mnaobaki nyumbani, msiseme kwamba siku hizi zipo hoteli, basi ukarimu si kazi yetu tena. Yuko mgonjwa asiye na faranga hata moja, yuko mjane aliyekimbia Djugu, yuko mwanafunzi wa kijiji chenu ambaye mwezi huu karo imemaliza kila kitu. Hao hawatafika kwenye meza yenye kitabu kikubwa. Watafika kwenu, watapiga hodi, na Bwana wetu, aliyezaliwa horini kwa kukosa nafasi katika nyumba ya wageni, atakuwa pamoja nao hapo mlangoni.